Kongamano la jimbo: warsha za imani, misioni na jumuiya tuzipangeje zisiishie kwenye makabrasha?

MwlWaKipaimara

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naombeni mawazo, hasa nyie mlioshawahi kuandaa vitu hivi. Jimbo letu, KKKT (Kanisa la Kilutheri Tanzania) huku kaskazini, lina kongamano, sharika zote zinaleta wajumbe: wazee wa kanisa, wainjilisti, umoja wa wanawake, vijana, kwaya. Neno kuu limeshatoka, ni imani, misioni na jumuiya, na kamati imenitupia mimi upande wa warsha. Ibada, kwaya na chakula vina watu wake, warsha kila mtu alikuwa anaangalia chini.

Shida mnaijua. Mtoa mada anakuja na karatasi yake anaisoma neno kwa neno mpaka saa ya chai, afu watu wanagawanywa makundi dakika ishirini, katibu wa kundi (siku zote ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye mwandiko mzuri) anasimama kusoma ripoti, "kundi letu linapendekeza semina kama hizi ziendelee kutolewa", makofi, tumemaliza. Ukikutana na mjumbe mwezi unaofuata ukamuuliza mlijifunza nini anakwambia yule mtoa mada alikuwa mzuri sana. Alisema nini? Kimya.

Kwahiyo swali langu liko hivi. Tufanye warsha tatu kwa wakati mmoja, imani chumba hiki, misioni chumba kile, jumuiya pale chini ya mti, mtu achague? Au wote tukae pamoja? Mwenyekiti anataka tatu tofauti kwa sababu zinaonekana vizuri kwenye ratiba. Mimi naogopa wazee wataenda kwenye imani, akina mama kwenye jumuiya, wainjilisti kwenye misioni maana ndo kazi yao, na vijana wataenda nje kupiga picha. Hilo la vijana nalo ni swali peke yake, tuwape warsha yao au tuwachanganye?

Karibuni.

---

MamaNdolage

Amen mwalimu, pole na majukumu. Mimi niko Bukoba, nimekuwa kiongozi wa jumuiya, yani majirani wanaosali pamoja majumbani, kwa miaka mingi kwahiyo nitasema kutoka upande huo.

Usitenganishe. Nikupe sababu ya kwetu. Sisi Wahaya Injili haikutufikia kwa mzungu kushuka na sanduku la vitabu. Wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani walifika Bukoba mwaka 1910 wakakuta tayari kuna watu wanasoma na kusali, vijana waliokuwa wamejifunza Uganda kwa Waanglikana wakarudi nyumbani, wanakutana majumbani kwa siri maana wakati mwingine watemi hawakuwataka. Hawakuwa na mchungaji, hawakuwa na jengo, na hakuna aliyewaambia hii hapa ni misioni na ile kule ni jumuiya. Walikuwa ni watu wanaosali nyumbani kwa mtu, jirani anasikia nyimbo, anakuja kuchungulia, anabaki. Sasa leo ukiwaweka watu vyumba vitatu unawafundisha kwamba hayo ni mambo matatu.

Ushauri wangu kwa vitendo ni huu. Chukua visa vya kweli, badilisha majina na mtaa ili mtu asijulikane, kila kundi lipewe kimoja. Mfano familia imehama kutoka kijijini kuja mjini, baba Mlutheri, mama alikuwa Mkatoliki, mtoto wa kwanza anaenda kwa nabii fulani wa mjini, wa pili haendi popote, hawajawahi kutembelewa na jumuiya, bahasha zao za sadaka zinarudi tupu. Sasa kaeni. Hapo imani imo, misioni imo, jumuiya imo, na hakuna mtu atakayeandika "tunapendekeza elimu iendelee kutolewa" kwa sababu mbele yake kuna mtu mwenye njaa ya kutembelewa. Mwishoni kila kundi liseme nani anaenda lini. Basi.

Na kundi lisizidi watu kumi na mbili. Wakizidi, wanawake watanyamaza, naongea kwa niliyoyaona.

---

KatekisimoKwanza

Shalom. Mama nakuheshimu sana lakini naomba nipingane na wewe, kwa upendo.

Mkisema imani, misioni na jumuiya ni kitu kimoja, kinachomezwa siku zote ni imani. Nimeona semina nyingi za namna hiyo. Mnaanza na familia iliyohama, baada ya nusu saa mnaongelea mradi wa kuku na vikoba, saa nzima imepita hakuna aliyefungua Biblia. Mwulize mzee wa kanisa wa leo, jirani yake mpentekoste akimwambia ubatizo wa watoto sio ubatizo, njoo uzamishwe kwenye maji mengi, atajibu nini? Wengi wanajibu "sisi ndo tumezoea hivyo". Alafu tunashangaa watu wetu wanabatizwa upya huko. Katekisimo Ndogo ya Luther ni ya mwaka 1529, iliandikwa kwa ajili ya watu wa kawaida kabisa na wenye nyumba wafundishe watoto wao, sisi tunaikariri tukiwa na miaka kumi na minne, tunavaa nguo nyeupe, tunapigwa picha, tunafunga kitabu. Warsha ya imani iwe peke yake, iwe na kazi yake, watu watoke wakiweza kueleza ubatizo, meza ya Bwana na neema kwa maneno yao wenyewe kama wanaongea na dereva wa bodaboda.

Na hili la kuchanganya lina historia. Mwaka 1972 ndugu zetu wa Mekane Yesus, kanisa la Kilutheri kule Ethiopia, wakati Gudina Tumsa akiwa katibu mkuu wao, walipeleka barua kwa Shirikisho la Walutheri Duniani. Walilalamika kwamba wafadhili wa Ulaya wako tayari kabisa kutoa hela ya shule, ya hospitali, ya visima, lakini ukiomba hela ya kuhubiri na kufundisha wainjilisti, mlango haufunguki kirahisi. Yani wao, watu maskini, ndo walisema hatutaki maendeleo peke yake, binadamu ana roho. Sasa sisi tunajifanyia wenyewe kile walichokataa.

---

MamaNdolage

Barua hiyo naijua na umeisoma nusu mpendwa. Hawakusema tenganisheni, walisema acheni kutenganisha. Walisema mtu ni mmoja, ukimhudumia mwili ukaacha roho umemkata, ukimhudumia roho ukaacha mwili umemkata vilevile. Ndo hoja yangu hiyohiyo.

Ila la ubatizo nakubali, hilo liko na linatuuma hata huku.

---

BebaBoksiMN

Wapendwa salamu kutoka Minnesota, huku barafu ndo imeyeyuka juzi. Nichangie kidogo maana huku tuna sinodi, kama dayosisi kwetu, na kila mwaka kuna mkutano wa sinodi wenye warsha za namna hiyohiyo, nimewahi kuwa mjumbe kupitia usharika wetu.

Kwanza kitu kimoja kilichonishangaza, katiba ya ELCA, kanisa la Kilutheri la huku Marekani, inataka wajumbe wenye kura angalau asilimia 60 wawe walei, sio wachungaji. Kwahiyo ukiingia ukumbini unakuta muuza bima, nesi, mkulima wa mahindi, kijana wa chuo, na wanapinga hoja ya askofu mbele yake kwa adabu kabisa, askofu anaandika. Mwl hakikisha kwenye warsha zako watoa mada sio wachungaji watupu. Mweke mama wa jumuiya kama huyu wa Bukoba aongoze, mchungaji akae kwenye kundi kama mjumbe.

Pili, huku warsha unachagua wakati wa kujisajili, wanaweka labda nane au kumi, watu wanaingia mbili siku hiyo. Kizuri chake ni kwamba vyumba ni vidogo na watu wanaongea. Kibaya chake ndo hicho ulichoogopa, kila mtu anaenda anakokubaliana nako tayari. Anayependa mazingira anaenda mazingira, anayependa muziki anaenda muziki, wanarudi nyumbani walivyokuja. Ile ya misioni niliyoingia mimi tulikuwa wachache na karibu wote tulikuwa wahamiaji, Watanzania, Waliberia, Waoromo. Wenyeji walikuwa warsha ya namna ya kutunza jengo la kanisa hahaha. Sio kwamba nawacheka, sharika zao zimebaki na wazee na jengo la mwaka arobaini na saba linavuja, ni hofu halisi.

Tatu, mnaweza kutumia uhusiano. Sinodi ya Saint Paul huku na Dayosisi ya Iringa wana ule uhusiano wa Bega kwa Bega tangu 1987, usharika kwa usharika, wanaombeana, wanatembeleana, kuna ada za wanafunzi wa sekondari. Nimekaa na watu wa huku waliokwenda Iringa, cha kwanza wanachosimulia sio umaskini, ni mnada wa mazao baada ya ibada, jinsi mama anavyotoa mkungu wa ndizi na mtu mwingine anaununua halafu anaurudisha unauzwa tena. Kwao ile ndo ilikuwa warsha ya jumuiya. Sisi tunaiona kawaida mpaka tunatamani ifupishwe.

---

kijana_wa_besi

Naomba niongee kwa niaba ya hao wa kwenda nje kupiga picha 😅

Mnajua kwanini tunatoka nje? Kwa sababu tumeamka saa kumi na moja kupanga viti, tumefunga spika, tumeimba, tumebeba sufuria, alafu warsha ikianza tunaambiwa vijana kaeni nyuma wazee wapate nafasi. Na ikifika muda wa maswali mtu akinyoosha mkono anaambiwa "tuanze na wazee wetu". Muda unaisha. Afu kwenye ripoti inaandikwa vijana wameonyesha mwitikio hafifu. Eti hafifu.

Kuhusu warsha ya peke yetu, mi sitaki. Ukitupa chumba chetu watatuletea mtu atufundishe usafi wa moyo na uchumba, tumeshafundishwa hiyo tangu kipaimara. Hatuna shida nayo ila sio kitu pekee tunachowaza. Watu wa rika langu wanawaza kazi, wanawaza mikopo ya kwenye simu iliyowakaba koo, kuna mtu kwenye kwaya yetu anadaiwa na app nne na anaimba sauti ya kwanza kama hakuna kitu. Wengine mnawajua wanaenda kwa manabii sio kwa sababu wamekosa katekisimo (samahani kaka hapo juu), wanaenda kwa sababu kule mtu anamwekea mkono kichwani anamuuliza jina lake na tatizo lake. Sisi tunaulizwa namba ya bahasha.

Mnataka misioni? Stendi ya bodaboda iko mita mia mbili kutoka kanisani, nusu ya wale madereva wamebatizwa kwetu. Hakuna mzee aliyewahi kwenda kukaa pale nusu saa bila kuwa abiria. Tutumeni sisi na mzee mmoja mmoja, twende Ijumaa jioni kabla warsha haijaanza, alafu Jumamosi tuje tuongee tulichosikia. Hapo nitakaa mpaka mwisho na simu nitazima.

---

MzeeWaMlimani

Huyu kijana amesema. Mwalimu, kama hutachukua ushauri mwingine chukua huo wa stendi.

Mimi ni mzee kidogo, naomba mnivumilie nipitie mbali. Mnabishana kama imani na jumuiya zikae chumba kimoja. Juni 1977 Shirikisho la Walutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu hapa hapa Dar es Salaam, Chuo Kikuu, mara ya kwanza Afrika. Neno kuu lilikuwa Katika Kristo, Jumuiya Mpya. Jumuiya, sio imani. Na mkutano huohuo wenye kichwa cha jumuiya ndio uliotamka kwamba ubaguzi wa rangi kule Afrika Kusini sio siasa tu ambayo Wakristo wanaweza kutofautiana na kuendelea kunywa chai pamoja, ni suala la kukiri imani, kanisa linalotenga watu weusi mezani pa Bwana limegusa imani yenyewe. Na miaka saba baadaye, Budapest 1984, wakasimamisha uanachama wa makanisa mawili ya wazungu, la Afrika Kusini na la Namibia, kwa kushindwa kuachana na huo ubaguzi.

Sasa ndugu yangu KatekisimoKwanza, pale imani ilimezwa? Mimi naona ilinoleka. Watu walianza na swali la nani anakaa na nani, wakaishia kwenye kiri ya imani. Wangeanza na chumba cha imani peke yake wangetoka na karatasi nzuri juu ya neema na ubaguzi ungeendelea nje ya mlango.

Na kwenye mkutano huohuo Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho, Mwafrika wa kwanza. Huyu mtu utafiti wake mzima wa kitheolojia ulikuwa juu ya kanisa na ukoo, yani swali la mtu aliyebatizwa ambaye bado ana shangazi, ana shamba la ukoo, ana matanga. Mama Ndolage nadhani atanielewa.

Kwa nyie wa Kilimanjaro mna wa kwenu. Bruno Gutmann alikuja na misioni ya Leipzig ya Ujerumani 1902, akakaa Old Moshi kwa vipindi mpaka 1938, akasema kanisa lijengwe juu ya ukoo, ujirani na rika. Vijana wa kipaimara aliwafunga pamoja kwa rika wabebane. Wachaga wenzangu wengi hawakumpenda kwa mengine, walitaka shule na lugha za kwenda mjini, yeye anawaambia wabaki na mila, na mimi nadhani walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini hilo la rika la kipaimara tumelitupa bila sababu. Leo mtoto anapata kipaimara na wenzake hamsini, miaka mitatu baadaye hamjui hata mmoja. Mwl wewe unafundisha kipaimara, hapo ndo pa kuanzia warsha ya vijana na wazee pamoja, muwaulize kila mmoja wale wa rika lako la kipaimara wako wapi sasa. Utashangaa chumba kitakavyonyamaza alafu kitakavyolipuka.

---

KatekisimoKwanza

Mzee hoja ya 1977 nimeipokea, ingawa nakumbusha waliotamka vile walikuwa watu waliosoma kiri zao vizuri, ndo maana waliweza kujua mstari umevukwa wapi. Usipojua mstari uko wapi utakaa stendi ya bodaboda unapiga stori tu.

Basi napendekeza hivi, waende stendi Ijumaa kama kijana alivyosema, lakini Jumamosi asubuhi kabla ya kuongea yaliyosikika, saa moja nzima ya katekisimo. Sio kusomewa. Kila mtu na jirani yake, mmoja anajifanya jirani mpentekoste, mwingine anajibu, wanabadilishana. Nimejaribu hii kwenye usharika mmoja, watu walicheka sana na walijifunza kuliko mahubiri yangu yote.

---

MluteriKisii

Naingilia kutoka Kenya. Sisi ELCK, kanisa la Kilutheri la huku, tulianza na Waswidi, Itierio huku Kisii mwaka 1948, tuko wachache sana ukilinganisha na nyinyi, kwa hivyo warsha zetu haziwezi kugawanywa hata mkitaka, watu wenyewe ni wale wale. Na naweza kuwaambia hiyo imetusaidia. Mtu wa misioni anasikia shida ya mama wa jumuiya moja kwa moja, hakuna ripoti ya kusoma baadaye.

Kitu kingine, lugha. Mkiwa na watoa mada wa kutoka chuo waambieni waache yale maneno makubwa. Kuna mwalimu alikuja kwetu akasema misioni "shirikishi-jumuishi" mara kama ishirini, hadi akina nyanya wakaanza kuhesabu kwa vidole.

---

MwlWaKipaimara

Wapendwa nimesoma yote mara mbili, Mungu awabariki. Nimeongea na mwenyekiti jioni hii, mwanzoni alikunja uso, nilipofika kwenye stendi ya bodaboda akacheka akasema huyo kijana ni wa usharika gani aletwe kwenye kamati.

Mpaka sasa tumekubaliana hivi. Ijumaa jioni kijana na mzee wawili wawili, baadhi stendi, baadhi sokoni, baadhi kwenye nyumba za watu ambao jumuiya imewapoteza, wenye jumuiya ndo watupe majina na wakawaombe ruhusa kwanza. Hawabebi daftari, hawabebi bahasha, hawahubiri mpaka waulizwe. Jumamosi asubuhi saa moja ya katekisimo kwa wawili wawili, KatekisimoKwanza hiyo umeshinda. Afu makundi ya kumi na mbili na visa vya Mama, na hakuna vyumba vitatu. Neno kuu litabaki na maneno yake matatu kwenye bango, mwenyekiti amesema bango limeshachapwa.

Kilichobaki ni mrejesho. Nani anafuatilia baadaye? Jimbo halina mtu wa kuzunguka. Na lingine la aibu kidogo, posho. Wajumbe wengine wameshauliza kama Ijumaa ina posho yake.

---

MamaNdolage

Mrejesho usiuweke jimboni, utafia huko. Uweke kwenye ibada ya jumuiya, kila mjumbe aliyekuja kongamano ataongoza ibada ya jumuiya yake wiki inayofuata na atasimulia alikwenda kwa nani. Mwinjilisti wa mtaa anaandika kwenye ripoti yake ya mwezi ambayo anaandika hata hivyo, huongezi karatasi. Na wale mliowatembelea Ijumaa wakaribishwe siku hiyo, wasikie wanavyosimuliwa, hapo mjumbe hatathubutu kuongeza chumvi.

Posho toeni nauli tu, na muitangaze mapema kwenye matangazo ya Jumapili ili anayekuja ajue. Wachache watakasirika. Chakula kiwe kizuri lakini, hapo msibane, na makundi msiyaweke saa nane mchana baada ya wali na nyama, hata Mtume Paulo kuna mtu alimsinzilia akaanguka dirishani.

---

kijana_wa_besi

Mwl niko tayari kuja kwenye kamati ila naomba isiwe Jumanne, Jumanne tuna mazoezi. Na spika mtafute mtu mwingine wa kufunga 🙏